Homa ya Mgunda

Homa ya mgunda, au leptospirosisi, ni ugonjwa wa bakteria aina ya Leptospira ambao binadamu huupata kutoka kwa wanyama, hasa panya, ng'ombe, nguruwe na mbwa. Mnyama huweza kuonekana mzima kabisa huku akitoa bakteria hao katika mkojo. Tope na maji yaliyotuama huwahifadhi kwa wiki kadhaa. Mkulima anayepandikiza mpunga peku kwenye majaruba, mguuni ana mchubuko mdogo tu, tayari amewafungulia mlango. Huingia pia kupitia macho, pua na mdomo.

Siku 2 hadi 30 baadaye huja homa, kuumwa kichwa, macho mekundu na maumivu ya misuli, vigimbi hasa. Hapo ndipo wengi hukosea, kwani huonekana kama malaria. Wachache hupata manjano, figo hushindwa kazi au damu huwatoka. Hali hii kali ilielezwa na daktari Mjerumani Adolf Weil mwaka 1886.

Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, wagonjwa walitokwa damu puani na hofu ikatanda. Vipimo vya Ebola na Marburg havikuonyesha kitu; Wizara ya Afya ya Tanzania ikatangaza homa ya mgunda, wagonjwa 20 na vifo 3.

Doksisaiklini au penisilini hutibu, zikiwahi. Kinga ni mabuti ya mpira shambani, glavu machinjioni, kufunika vidonda, chakula na maji, na kuwaondoa panya ghalani. Mbwa na ng'ombe wana chanjo yao.