Mshahara wa Kujikimu: Hesabu Iliyoanzia Mile End

Aprili 1999 Uingereza iliweka, kwa mara ya kwanza, kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima: pauni 3.60 kwa saa kwa mtu mzima. Serikali ya Labour ilijivunia sheria hiyo, na ilistahili kujivunia. Lakini mashariki ya London, katika mitaa ya Whitechapel, Stepney na Mile End, hesabu ilikuwa haikai sawa. Aliyelipwa kiasi hicho alihitaji kazi ya pili, na mara nyingi alikuwa nayo tayari: alfajiri anapiga deki ofisini, jioni anaosha vyombo hotelini, na usingizi anauibia ndani ya basi.

Watu hawa walikuwa na mahali pa kukutania. Tangu 1996 makanisa, misikiti, shule na matawi ya vyama vya wafanyakazi ya upande huo wa jiji yalikuwa yameungana katika umoja unaoitwa TELCO. Walichokosa ni ushahidi. Kila mmoja alijua kwamba mshahara hautoshi. Hakuna aliyeweza kusema kiasi gani kingetosha na kwa sababu gani. Mwajiri akiulizwa, alijibu kwamba analipa kama sheria inavyotaka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka 2001, kwa msaada wa chama cha wafanyakazi cha UNISON, kazi mbili za utafiti zilifanywa kwa ajili yao. Ya kwanza ilikuwa ya Family Budget Unit, kundi la watafiti wa bajeti za kaya. Hawa walianza na kapu. Waliuliza familia yenye watoto mashariki ya London inahitaji nini ili iishi kwa heshima bila anasa, kisha wakaorodhesha: chakula, kodi ya nyumba, umeme na gesi, nauli, viatu, gharama ya kulelewa mtoto mzazi anapokuwa kazini. Kila kitu kilitafutiwa bei, na kila kitu kikapewa umri wake. Koti la mtoto halidumu kama la baba yake, maana mtoto anakua. Basi bei ya koti hugawanywa kwa wiki litakazovaliwa, na kiasi hicho ndicho kinachoingia katika bajeti ya wiki. Ni kazi ya subira, ya kalamu na risiti, na matokeo yake ni tarakimu ambayo mtu anaweza kuisimamia mbele ya yeyote.

Kazi ya pili ilifanywa na Jane Wills, mtaalamu wa jiografia katika chuo kikuu cha Queen Mary. Chuo hicho kiko barabara ya Mile End, na mizizi yake inafika hadi People's Palace, jumba ambalo Malkia Victoria alilifungua mwaka 1887 kwa ajili ya elimu na burudani ya watu wa mitaa hiyo hiyo. Wills alifuatilia mishahara duni ilikokuwa na ilivyozalishwa. Ili kuelewa alichokiona lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1983 serikali ya Margaret Thatcher iliagiza hospitali za umma zitangaze zabuni za usafi, kufua na mapishi. Mashirika mengine yalikwenda njia hiyo hiyo, mpaka ikawa desturi kwamba anayefagia jengo hakuajiriwa na mwenye jengo. Kampuni hushinda zabuni kwa kushusha bei, na kwa kuwa gharama ya usafi karibu yote ni watu, bei hushushwa kutoka mifukoni mwa wafanyakazi. Wakimgomea mkandarasi, anaipoteza kandarasi, na anayemrithi anaingia kwa bei ile ile. Hitimisho la Wills lilikuwa wazi: mwenye uwezo wa kuongeza mshahara ni yule anayelipia kandarasi, basi yeye ndiye wa kuendewa.

Kwangu mimi hapa ndipo kiini cha kisa chote kilipo. Kwamba mashariki ya London kuna umaskini, Charles Booth alikuwa amekwisha kuonyesha kwa ramani zake za rangi tangu karne ya 19. Utafiti wa Wills ulionyesha mlango wa kubisha.

Na mlango wa kwanza mkubwa ulikuwa Canary Wharf, ambako maghorofa ya benki yalikuwa yameota juu ya gati za zamani za mto Thames. Mwaka 2003 msafishaji wa zamu ya usiku wa makao makuu ya HSBC aliingia katika mkutano mkuu wa wanahisa, akasimama, akamweleza mwenyekiti wa benki kwamba wote wawili wanafanya kazi katika jengo moja, kisha akasema anacholipwa. Kufikia mwaka uliofuata, HSBC na Barclays zilikuwa zimekubali kuboresha mishahara na masharti ya wasafishaji wao huko.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona kwamba mabishano haya si mapya. Januari 1947 makuli na wafanyakazi wengine wa Mombasa wapatao 15,000 waligoma, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa umoja wao mpaka serikali ya kikoloni ilipomkamata na kumpeleka mbali na pwani. Mishahara ya mji ilikuwa ikipimwa kwa mahitaji ya kapera, kana kwamba mke na watoto watalishwa na shamba la kijijini. Ilichukua hadi 1954 kwa kamati ya Carpenter kupendekeza rasmi kwamba mfanyakazi Mwafrika alipwe kwa kipimo cha familia.

London, wanasiasa walikuja baada ya benki. Meya Ken Livingstone alikubali hoja, na mwaka 2005 ofisi yake iliunda kitengo cha kukokotoa mshahara wa kujikimu kila mwaka. Kapu la watafiti likaingia ndani ya serikali ya jiji. Wachumi wa Meya waliona kwamba mstari wa umaskini London ulikuwa kama pauni 5.80 kwa saa. Wakaongeza asilimia 15, ili familia isitumbukie kwa sababu ya dharura ndogo kama friji kuharibika, wakafikia pauni 6.70. Kima cha kisheria wakati huo kilikuwa pauni 4.85. Boris Johnson, wa chama pinzani, aliposhika umeya mwaka 2008 hakuifuta hesabu hiyo, aliiendeleza.

Chuo cha Wills chenyewe kiliulizwa swali lile lile ambalo benki ziliulizwa. Wasafishaji wa Queen Mary nao walikuwa chini ya mkandarasi. Mwaka 2006 chuo kilikubali kulipa mshahara wa kujikimu, kisha kikawaajiri wasafishaji moja kwa moja. Wills na wenzake waliwarudia wafanyakazi hao kwa utafiti mwingine, na ripoti ya 2009 ilionyesha kwamba usafi ulikuwa bora zaidi na gharama ilipanda kidogo tu. Chuo kilichokubali kuchunguzwa na walimu wake wenyewe kinastahili heshima.

Si kila mahali palikwenda vizuri. Katika SOAS, chuo kingine cha London ambako vizazi vya Wazungu na Waafrika vimesoma Kiswahili, wasafishaji waliokuwa chini ya mkandarasi walipata mshahara wa kujikimu baada ya kampeni ndefu. Asubuhi ya tarehe 12 Juni 2009 waliitwa kwenye mkutano wa kazi, wakakuta maofisa wa uhamiaji wanawasubiri. Tisa walikamatwa, na baadhi yao wakafukuzwa nchini. Wenzao hawakuacha madai, na mwaka 2018 SOAS iliwaajiri wafanyakazi hao moja kwa moja. Miaka tisa ni mingi mno.

Tangu 2011 mpango wote unasimamiwa na Living Wage Foundation. Mwaka 2016 serikali kuu ililichukua jina, ikaita kima chake kipya cha kisheria mshahara wa kujikimu wa taifa, pauni 7.20, wakati hesabu ya kapu kwa London ilikuwa pauni 9.40. Pengo bado lipo: kiwango cha London kilichotangazwa Oktoba 2024 kilikuwa pauni 13.85, na cha kisheria kuanzia Aprili 2025 kilikuwa 12.21.

Kulipa kiwango hicho cha juu ni hiari, na waajiri waliokubali wameorodheshwa hadharani. Wewe unayefanya usafi, ulinzi au kutunza wazee London, litafute jina la mwenye jengo katika orodha hiyo, si la mkandarasi pekee. Na wewe mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala unayetafuta mada ya tasnifu, anza na anayefagia ukumbi wako wa mihadhara: nani anamlipa, kiasi gani, na kapu la familia yake kwa wiki ni shilingi ngapi.