Msitu wa Nyandarua na mfereji wa Lavington

MKAZI wa Lavington anapofungua mfereji asubuhi, ni nadra kuwaza kwamba maji yale yalianzia msituni. Sehemu kubwa ya maji ya jiji la Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Bwawa hilo hulishwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu, ambayo chimbuko lake ni Milima ya Nyandarua, au Aberdare kama ilivyobatizwa na wazungu. Mabwawa madogo ya Sasumua na Ruiru nayo hutegemea milima iyo hiyo.

Usimamizi wa milima hii umegawanyika. Sehemu ya juu ni Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare, iliyotengwa mwaka wa 1950, na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Msitu wa hifadhi unaoizunguka uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Mbugani hairuhusiwi kukata kuni wala kulisha mifugo. Katika msitu wa hifadhi, mwenye kibali anaweza kufanya yote mawili. Ndovu, bila shaka, hawaujui mpaka huo, na wakataji miti haramu waliujua vyema mno. Uchunguzi wa angani uliofanywa mwaka wa 2002 ulifichua maelfu ya matanuri ya makaa msituni. Baadaye mashirika hayo mawili yaliandaa mpango mmoja wa usimamizi wa miaka ya 2010 hadi 2020.

Ua wa umeme ulioanza kujengwa mwaka wa 1989 kwa juhudi za wakfu wa Rhino Ark ulikusudiwa kwanza kuwalinda vifaru na kuwazuia ndovu kuvamia mashamba. Ulipokamilika mwaka wa 2009, ulikuwa na urefu wa takriban kilomita 400 na umeizunguka milima yote. Ua, hata hivyo, haupandi miti.

Kazi hiyo huwaangukia zaidi majirani wa msitu. Sheria ya Misitu ya 2005, iliyozaa KFS, ilivitambua vyama vya kijamii vya misitu, na ile ya 2016 iliyochukua mahali pake ikavidumisha. Mwanachama hupewa kipande mahali palipovunwa miti ya kupandwa. Hulima viazi au maharagwe huku akitunza miche, hadi kivuli kinapoishinda mimea yake baada ya miaka kama mitatu. Ndipo anapotakiwa kuondoka. Utaratibu wa awali wa mashamba msituni uliharibika papo hapo: wengine hawakuondoka, na wengine walilima hata palipokuwa na miti ya asili.

Mnamo 2018 serikali ilisitisha ukataji miti katika misitu ya umma. Mwaka wa 2023 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo, akitaja ajira na miti iliyokomaa ikiozea msituni. Hoja hiyo ina uzito wake, mradi tu msumeno usivuke kutoka miti ya kupandwa hadi ile ya asili, ambayo ndiyo hasa huhifadhi maji.

Swali gumu ni la gharama. Hazina ya Maji ya Tana ya Juu, iliyozinduliwa mwaka wa 2015, huchangisha fedha kutoka kwa watumiaji wakubwa wa maji ili wakulima wajenge matuta na kuzuia udongo kusombwa mitoni. Ni hatua nzuri, lakini huwafikia zaidi wenye mashamba chini ya msitu. Mgao wa maji ulipoanza Nairobi Januari 2017, wenye uwezo katika mitaa kama Lavington waligeukia visima na malori ya maji. Huko juu, wanachama wa vyama vya misitu hulipia vibali vya kuokota kuni katika msitu uo huo wanaoulinda kwa doria, mara nyingi bila mshahara.