Arobaini ya Dubu

Kiswahili kina neno dubu, lakini nchi zetu hazina dubu. Neno tulilipokea kutoka Kiarabu, dubb, nalo limetutosha katika hadithi na tafsiri bila mnyama mwenyewe kukanyaga pwani hii. Barani Afrika aliishi Maghribi tu, katika milima ya Atlasi, na huko nako alitoweka katika karne ya 19. Ndiyo maana mshairi au mtafsiri wetu anapokutana na dubu atokaye pangoni baada ya usingizi wa majira ya baridi, hujikuta ana jina la mnyama lakini hana msamiati wa maisha yake. Wengine huandika kwamba dubu "alilala kipupwe kizima". Msomaji wa Tanga akisoma hivyo ataona upepo wa Julai na shuka moja ya ziada, si theluji ya miezi mitano.

Waliokaa naye walikuwa na shida kinyume cha yetu: walikuwa na dubu, wakaogopa jina. Mwaka 1906 Antoine Meillet, mwanaisimu wa Ufaransa, alieleza kwamba jina la kale la dubu, lililobaki katika Kigiriki (arktos) na Kilatini (ursus), lilipotea katika lugha za kaskazini kwa sababu ya mwiko. Waslavi wakamwita medved, yaani mla asali. Wafini wana jina la kumbembeleza, mesikämmen, kiganja cha asali. Jambo hili si geni kwetu, maana wazee wengi hukataza kumtaja nyoka usiku, wakamwita kamba.

Aliyeogopwa hivyo alihesabiwa siku. Katika karne ya 4 K.K. Aristotle aliandika kwamba dubu hujificha kwa angalau siku zipatazo 40, na kwamba akitoka hutafuna mmea fulani ili kufungua tumbo lililofunga. Pliny wa Roma, katika karne ya 1 B.K., akasema dume hukaa siku 40 na jike miezi minne. Watoto huzaliwa mabonge meupe ya nyama yasiyo na umbo, makubwa kidogo kuliko panya, na mama huwafinyanga kwa kuwalamba. Hapo washairi tunahusika. Imesimuliwa tangu kale kwamba Virgil aliwaambia rafiki zake kuwa naye huzaa beti zake hivyo hivyo, ghafi, kisha huzilamba hadi zipate sura. Sijapata maelezo bora zaidi ya kazi ya kuhariri shairi.

Kisha ikaja kalenda ya Kanisa. Tarehe 2 Februari, siku ya kubariki mishumaa, ni siku ya 40 tangu Krismasi, yaani siku ambayo Mariamu, kwa sheria ya Musa, alimaliza siku zake za uzazi akaenda hekaluni na mwanawe. Katika sehemu nyingi za Ulaya wakulima waliamini kwamba siku hiyo hiyo dubu huchungulia nje ya pango. Mbingu zikiwa nyeupe, akaona kivuli chake, hurudi ndani kwa siku 40 nyingine. Zikiwa na mawingu, hutoka, na baridi imekwisha. Mswahili haihitaji kufafanuliwa hesabu hii. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, kisha hutolewa nje na mwanawe. Na mla asali, akiwa mwizi, tunazijua siku zake ni ngapi.

Katika vijiji vitatu vya milima ya Pyrenees upande wa Ufaransa, Prats-de-Mollo, Saint-Laurent-de-Cerdans na Arles-sur-Tech, desturi hii ingali hai. Kila mwanzo wa mwaka vijana hujigeuza dubu. Kule Prats-de-Mollo huvaa ngozi za kondoo, hujipaka masizi na mafuta, wakashuka mbio mjini wakiwachafua watu nyuso. Mwishoni hukamatwa, wakanyolewa, na kwa kunyolewa wakarudi kuwa binadamu. UNESCO iliziingiza sherehe za dubu za Pyrenees katika orodha yake ya urithi mwaka 2022. Lakini sherehe nusura impoteze mwenye jina. Jike la mwisho la asili ya milima hiyo, Cannelle, aliuawa kwa risasi mwaka 2004, na dubu waliopo leo wametokana na wale walioletwa kutoka Slovenia kuanzia 1996.

Dubu wenyewe hawaijui hesabu ya wazee. Katika milima hiyo madume hutoka mnamo Machi. Jike aliyezaa pangoni katikati ya baridi hutoka mwisho, Aprili au hata Mei, na kwa siku kadhaa haendi mbali na mlango. Si wakati mzuri wa kumtazama, wala si salama. Anayetaka kumwona kwa umbali wa heshima huenda Asturias, Hispania, kati ya Aprili na Juni, alfajiri au magharibi, dubu wanapokula majani mabichi kwenye miteremko ya wazi. Au arudi Agosti na Septemba, matunda ya porini yakiwiva.

Napendekeza basi tuseme "dubu yumo arobainini", na "ametoka arobaini". Atakayenipinga kwa idadi ya siku ana haki, ila arobaini kwetu haikuwa idadi tu. Ni hali ya kuwa ndani na ahadi ya kutolewa.

Yuko pia dubu mmoja tunayemwona bila safari. Wanajimu wa Kiarabu waliliita kundi la nyota la Wagiriki al-Dubb al-Akbar, na nyota yake moja kubwa bado inaitwa Dubhe. Wagiriki walisema dubu huyo hazami kamwe baharini. Kutoka Dar es Salaam huzama: toka Agosti hadi Januari hatumwoni jioni. Dubhe huchomoza tena kaskazini mashariki mwanzoni mwa Februari, mnamo saa tatu usiku, na mwishoni mwa Aprili, saa hiyo hiyo, husimama juu kabisa ya upeo wa kaskazini, ikiwa mawingu ya masika yataruhusu.