Bei ya Ganda Tupu

Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa metali na kwa kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Katika kuisoma historia ya mchezo wa kulenga visahani vya udongo huko Marekani, neno hilo limenisaidia sana. Ubishi wa miaka mingi wa walengaji, kama risasi ya bei ghali inaizidi kweli ile ya bei rahisi, kwa sehemu kubwa ni ubishi juu ya metali.

Mlengaji husimama yadi 16, au zaidi, nyuma ya banda fupi. Mashine iliyofichwa humo hurusha kisahani chenye upana wa takriban sentimita 11, bila yeye kujua kitaelekea kushoto, kulia au mbele. Risasi moja ya geji 12 hubeba hadi gramu 32 za marisau, yaani vipunje vidogo vya risasi vipatavyo 390. Kikimeguka kipande kimoja kinachoonekana kwa macho, amepata alama.

Sasa, tofauti iko wapi? Baruti inapolipuka, vipunje husukumwa kwa nguvu na kubanana. Risasi tupu ni laini. Vipunje hubonyea, na kipunje kilichobonyea hakiendi moja kwa moja. Watengenezaji huchanganya antimoni, madini yaleyale yaliyosagwa kwa karne nyingi kuwa wanja wa macho, ili kuigumisha. Risasi za bei ya juu huwa na antimoni nyingi zaidi, kwa hiyo vipunje hubaki vya mviringo na kusambaa kwa usawa. Katika yadi 16 tofauti hiyo ni ndogo. Katika yadi 27, wanakopelekwa walengaji bora ili wasiwaonee wenzao, mwanya katikati ya vipunje unaweza kukipitisha kisahani kizima.

Lakini hoja hii haikuwezekana tangu mwanzo. Mchezo ulianza kwa njiwa hai waliofunguliwa kutoka kwenye visanduku. Mjini Cincinnati, Ohio, ulikuwa ukichezwa tangu mwaka 1831. Njiwa mmoja hupaa haraka, mwingine huzubaa. Aliyekosa angeweza kumlaumu ndege, upepo, au bahati. Baadaye vikaja vigudulia vya kioo, kisha, mwaka 1880, George Ligowsky wa Cincinnati akasajili hataza ya kisahani cha udongo. Tofauti na njiwa hai, shabaha zote zikafanana. Naamini hapo ndipo soko la risasi bora lilipopata mguu wa kusimamia: shabaha ikishakuwa moja kwa wote, kilichobaki cha kulaumiwa ni mkono wako au ulichonunua. Na pale washindani wanapovunja visahani 198 au 199 kati ya 200, mtu hulipia kuondoa shaka kuliko anavyolipia antimoni.

Kuna jambo jingine linalovuruga hesabu za bei. Mwaka 1960 kampuni ya Remington ilileta ganda la plastiki badala ya karatasi, na mwaka 1965 Winchester ikatoa risasi ya AA. Walengaji waliipenda kwa sababu ganda lake lilistahimili kujazwa tena mara nyingi. Mtu alinunua ghali, akafyatua, akaokota ganda, kisha jioni akakaa nyumbani na kulijaza upya fataki, baruti na marisau. Ganda dhaifu la bei rahisi liliishia kwenye pipa. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Hapa ghali nayo iligeuka rahisi, kwa mwenye muda na mashine ya kujazia.

Hata hivyo, kuna gharama isiyoandikwa kwenye boksi lolote. Duru ya visahani 100 kwa risasi za gramu 32 huacha kilo 3.2 za risasi ardhini, iwe laini au ngumu. Mwaka 1991 Marekani ilikataza marisau ya risasi katika uwindaji wa ndege wa majini kote nchini, kwa kuwa ndege waliomeza vipunje hivyo walikufa kwa sumu. Katika ulengaji wa visahani bado yanatumika kwa wingi.

Ndiyo maana siwezi kuisoma historia hii kama habari ya ubora na bei tu. Miongoni mwa ndege waliopigwa katika mashindano ya zamani walikuwamo maelfu ya njiwa wahamaji, spishi iliyowahi kuhesabiwa kwa mabilioni. Hakuna aliyemwekea bei kubwa njiwa huyo. Alikuwa kitu rahisi kuliko vyote uwanjani, rahisi kuliko baruti. Wa mwisho, aliyeitwa Martha, alikufa tarehe 1 Septemba 1914 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, mji uleule uliozaa kisahani cha udongo.