Filamu ya juzi na kiti cha wazee

Ubishi huu haujapata kwisha popote wanapokutana wapenzi wa sinema. Mmoja akitaja filamu ya miaka mitano iliyopita kuwa ni miongoni mwa filamu bora kuliko zote zilizopata kutengenezwa, mwenzake humkata kauli: ngoja kwanza, muda ndio hakimu. Hoja hiyo ina busara yake, lakini leo nataka tuipime kwa kumbukumbu zilizopo.

Tangu mwaka 1952 jarida la Sight and Sound la London huwauliza wahakiki, kila baada ya miaka kumi, wataje filamu zao kumi bora. Katika kura ya kwanza kabisa ilishinda Bicycle Thieves ya Mwitalia Vittorio De Sica, kisa cha baba mmoja wa Roma aliyeibiwa baiskeli ambayo bila hiyo hana kazi. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1948. Yaani ilikuwa na umri wa miaka minne tu! Mwaka 1962 L'Avventura ya Michelangelo Antonioni ikashika nafasi ya pili, nayo ilikuwa na miaka miwili.

Watu wa "ngoja kwanza" watauliza zilifikia wapi. Ni kweli, Bicycle Thieves iliporomoka hadi nafasi ya sita mwaka 1962, na mwaka 1972 haikuwamo tena katika kumi bora. Hata hivyo, katika orodha ya filamu mia moja ya mwaka 2022 zote mbili zimo. Zimeshuka, hazikufukuzwa.

Sasa tumtazame huyo hakimu mwenyewe. Citizen Kane ya Orson Welles ilitoka mwaka 1941. Tajiri wa magazeti wa Marekani, William Randolph Hearst, aliona amedhihakiwa, na magazeti yake yakakataa kuitangaza. Wafaransa, waliokuwa chini ya Wajerumani, hawakuiona mpaka mwaka 1946. Mwaka 1952 haikuwamo hata katika kumi bora. Baadaye ikarudishwa kwenye majumba ya sinema na kuonyeshwa kwenye televisheni, na ilipofika mwaka 1962 ikawa ya kwanza. Ilikaa hapo nusu karne, hadi Vertigo ya Alfred Hitchcock ilipoipindua mwaka 2012. Filamu ni ile ile. Waliobadilika ni watazamaji, pamoja na nafasi yao ya kuiona.

Chukua na Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, ya mwaka 1973. Haikuokolewa na muda. Muda huchakaza mikanda. Iliokolewa na watu walioikarabati mwaka 2008, na mwaka 2012 ikaingia katika mia bora. Mwaka 2022 waliopiga kura walikuwa 1,639, karibu mara mbili ya wale 846 wa mwaka 2012, na Touki Bouki ikapanda hadi nafasi ya 66. Mwaka huo huo, kwa mara ya kwanza, filamu ya mwanamke ilikaa juu kabisa: Jeanne Dielman ya Mbelgiji Chantal Akerman, ya mwaka 1975.

Tena, nani aliyeulizwa? Katika miaka ya 1950 watu wa Dar es Salaam na Unguja walijazana kuitazama Awaara ya Raj Kapoor. Haimo katika hizo mia. Muda umepita wa kutosha, lakini wale waliokuwa kwenye viti vile hawakupewa karatasi ya kura.

Kwa hiyo sioni kosa la wahakiki wa mwaka 2022 walioitia katika mia bora Parasite ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini, iliyotoka mwaka 2019. Mimi pia ningeipigia kura, wala nisingengoja mwaka 2032. Mvua moja inanyesha usiku. Familia maskini inayoishi nusu chini ya ardhi inaogelea katika maji ya choo kuokoa vitu vyake. Asubuhi mama tajiri, akiandaa sherehe, anaisifu mvua ile kwa kusafisha anga. Anayekaa bondeni katika jiji letu hahitaji kungoja miaka hamsini ili aelewe hapo.