Mnyonya Damu Mwenye Mshahara

Katika nchi za Karibi, mnyonya damu ni ajuza wa jirani. Trinidad na Dominica humwita soucouyant, Grenada na Haiti loogaroo, Guyana na Jamaika Ol' Higue. Mchana ni bibi kizee anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Usiku huivua ngozi yake, akaificha, akaruka angani kama mpira wa moto na kupenya hata tundu la ufunguo. Dawa yake wanaijua watoto wadogo: mwaga mchele mlangoni, naye hatakuwa na budi kuhesabu punje moja moja mpaka kumpambazukie, au itafute ile ngozi uipake chumvi, akiivaa imwashe. Asili yake hutafutwa Afrika Magharibi, ambako Waewe wa Ghana na Togo wana adze, anayejigeuza kimulimuli ili anyonye damu ya waliolala.

Huku kwetu Ruiru na Thika, ukimtafuta kiumbe wa namna hiyo katika ngano za Wagikuyu utakutana zaidi na irimũ. Huyo ni zimwi. Mara nyingi huja ngomani kwa sura ya kijana mtanashati, kinywa cha pili kikiwa kisogoni chini ya nywele, na nzi wanaoingia humo ndio wanaomuumbua. Lakini irimũ humla mtu mzimamzima, nyama na mifupa. Damu peke yake haimshughulishi.

Mnyonya damu wetu alikuja na magari, na jina lake hamna asiyelijua: wazimamoto.

Mwanahistoria Mmarekani Luise White alikutana naye bila kumtafuta. Mwaka 1976 na 1977 alikuwa Pumwani, Nairobi, akiwahoji wanawake wazee kuhusu ukahaba wa enzi za ukoloni, kazi iliyozaa kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka 1990. Katikati ya habari za kodi ya chumba na bei ya chai, baadhi yao walimsimulia, kwa utulivu uleule, jinsi watu wa zimamoto walivyokuwa wakiwakamata Waafrika usiku, wakawatia mashimoni na kuwatoa damu ili Wazungu watengeneze dawa. Hapakuwa na mzimu wala uchawi. Palikuwa na gari, ndoo, mipira na waajiriwa waliokatazwa kuwaambia hata wake zao wanafanya kazi gani. White aliendelea kuyakusanya masimulizi hayo magharibi mwa Kenya, Uganda na Zambia, na mwaka 2000 akatoa kitabu kizima, Speaking with Vampires.

Pwani ilikuwa imetangulia. Kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya mwaka 1882 tayari ina mumiani, dawa ambayo watu waliamini Wazungu huitengeneza kwa damu ya binadamu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson inaieleza kama kitu cheusi mfano wa gundi, cha kutibu mifupa iliyovunjika, kisha inaongeza kwamba uvumi wa mumiani ukizuka mjini watu hawatoki nje baada ya jua kutua. Si kawaida ya mtunga kamusi kuandika hofu ya mji mzima chini ya neno moja. Nadhani alikuwa ameiona.

Kwa nini zimamoto, na si posta au reli? Jibu langu ni la mtu wa kawaida tu. Kituo cha zimamoto ni mahali ambapo watu wenye sare hukesha bila kazi inayoonekana, gari limejaa mafuta, na ni jekundu. Nyumba za Waafrika zilipoungua, si mara nyingi gari hilo lilionekana. Basi lilikuwa la nini?

Sababu ya pili ya uvumi huo wazee waliijua vizuri zaidi. Reli ilifika Thika mwaka 1913, ikipitia Ruiru, kuhudumia mashamba ya walowezi ya kahawa na mkonge. Mwaka 1917 serikali iliwasomba vijana kwa nguvu kwenda kubeba mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani. Makumi ya maelfu hawakurudi, na nyumbani mara nyingi hapakufika hata habari ya kaburi. Vita vilipokwisha kikaja kipande, hati ya utambulisho ya Mwafrika, kikining'inia shingoni ndani ya kopo la bati. Mtu anachukuliwa kwa amri, anaondoka na gari au treni, anarudi amekonda au harudi kabisa, na faida inakwenda kwa Wazungu. Aliyesema wamemnyonya damu alikosea nini hasa, mbali na mipira na ndoo?

Hapo ndipo sisi na Karibi tunapoachana. Ajuza wao mwenyewe ni moto, wetu anauzima. Wa kwao anatokana na husuda ya jirani, na jirani anaweza kutegwa kwa kisahani cha mchele. Wa kwetu ameajiriwa, ana bosi, analipwa mwisho wa mwezi. Chumvi utaipaka wapi?

Kwa hiyo hakuondoka bendera ya mkoloni iliposhushwa. Alibadilisha gari tu. Dar es Salaam ilikuwa na ghasia za mumiani Buguruni mwaka 1959, uhuru ukinukia. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi mkoani Dodoma, watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao waliuawa na kuchomwa moto kwa kudhaniwa wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, makundi ya watu yaliua washukiwa kadhaa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake Mulanje na Phalombe.

Habari ya Dodoma inauma zaidi ukiisoma Ruiru, mji wenye kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985. Hapa mtu anayechimba udongo shambani na kuutia mfukoni ni jambo la kila msimu.

Mwaka 2021 mambo yaligeuka kichwa chini miguu juu. Polisi wa upelelezi wa Kenya, DCI, ndio waliomwita mtu mnyonya damu: Masten Wanjala, aliyedaiwa kukiri kuwaua watoto na kunyonya damu ya baadhi yao. Alitoroka korokoroni Nairobi, na wananchi wakamuua Bungoma kabla kesi haijasikizwa. Serikali iliyowahi kuitwa kwa jina hilo sasa ndiyo inayoligawa.

Hata wanaochukua damu kihalali hulazimika kujieleza. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kilifi wamezoea kuwatajia wazazi kiasi cha damu kitakachochukuliwa kwa vijiko vya chai. Kwenye hema la kuchangia damu Thika, vijiko havitoshi. Mhudumu anakuchoma kidole, anadondosha tone kwenye chupa ya maji ya buluu, na tone likizama unaambiwa damu yako ina nguvu. Kisha mfuko wa mililita 450, halafu soda na biskuti. Shirika la Afya Duniani hupendekeza nchi ikusanye painti zinazolingana na asilimia 1 ya watu wake. Kwa sensa ya 2019, iliyohesabu Wakenya milioni 47.6, hiyo ni kama painti 476,000 kwa mwaka. Mhudumu ataeleza hayo yote, ataeleza pia kwamba damu hupimwa Ukimwi, homa ya ini na kaswende kabla haijamfikia mama aliyetokwa na damu akijifungua. Hatachoka kuulizwa mnaiuza wapi na mnamuuzia nani. Vijana wa bodaboda huuliza hivyo mikono ya shati ikiwa wameshaikunja.