Kiboksi cha Mjomba

Mjomba wangu hapa Mwimbi hupiga gitaa la umeme, na chini ya mguu wake huweka kiboksi cha plastiki kinachoenea kwenye begi la shule. Ni Zoom 505, ya Kijapani, iliyoingia sokoni mwaka 1996. Ndani mna mwangwi, fazi ya kukwaruza sauti, korasi, hata kipimo cha kutunia nyuzi. Chote hicho kwa betri moja ya volti 9. Kijijini, hilo la betri si jambo dogo.

Zamani kila sauti ilikuwa na boksi lake. Fazi ya Maestro ilitoka Marekani mwaka 1962, wawa ikafuata 1967, korasi ya Boss 1976. Jirani zetu wa Zambia walizipigia fazi na wawa katika miaka ya 1970, bendi kama WITCH na Amanaz, na Sunburst ya Dar es Salaam ilitolea santuri yake Ave Africa huko huko Zambia mwaka 1976.

Muziki wetu wa dansi ulikwenda njia nyingine. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ya 1978 ilianza chini ya shirika la teksi, kisha ikawa ya DDC. Mpiga gitaa alikula mshahara, na akihama gitaa linabaki stoo. Muhiddin Gurumo alipotoka Mlimani Park mwaka 1985 kwenda Safari Sound, alihama na sauti yake. Vyombo vilikuwa vya tajiri mwingine.

Na efekti je? Zilifanywa na watu. Solo, second solo, ridhimu, besi, kila mtu na njia yake mpaka ukumbi unajaa. Ndala Kasheba alijulikana kwa gitaa la nyuzi 12. Nyuzi zake huenda jozi jozi, na hata uzitune vipi hazilingani kabisa. Kale katofauti ndiko kanakoing'arisha sauti. Korasi ya kiboksi huigiza hilo hilo: hunakili sauti, ikaichelewesha nakala kidogo na kuiyumbisha.

Mjomba alipigia bendi fulani mjini, siitaji. Siku alipodai malipo yake aliambiwa aweke gitaa chini. Akaweka, akarudi Mwimbi mikono mitupu. Miaka ikapita, akauza mahindi, akanunua gitaa la mtumba pamoja na kiboksi hiki.

Wajuzi wanakicheka, eti fazi yake ni nyuki ndani ya kopo. Ni kweli, jamani. Tena kina vitufe viwili tu vya mguu, cha kupanda na cha kushuka, hivyo mjomba huzipanga sauti kwa mfuatano wa nyimbo. Bwana harusi akiomba wimbo nje ya mpango, utamwona mzee anakanyaga kama anaua siafu.

Kwenye harusi moja betri ilimfia katikati ya solo. Kimya. Akachomoa waya, akauchomeka moja kwa moja kwenye amplifaya, jenereta likinguruma nyuma, akaendelea. Sauti ilikuwa kavu kama muhogo wa kuanika. Alipiga mpaka saa tisa usiku, na gitaa akarudi nalo nyumbani.